Stara ya Uani

Tukiliacha lile ua linalochanua, neno ua katika lugha yetu lina maana mbili ambazo Kiingereza, kwa mfano, huzigawa kwa maneno mawili yasiyofanana. Ua ni kile kizuizi cha makuti, fito, mabua au miti kinachozunguka mahali. Na ua ni mahali penyewe palipozungukwa. Fundi hujenga ua, na mwenye nyumba hukaa uani. Waliotuachia lugha hii hawakuona haja ya kukitenga kinachositiri na kinachositiriwa, kwa kuwa kimoja bila ya kingine hakikuwa na maana kwao. Na mtu mwenye haya akitaka kwenda kujisaidia, huaga kwa kusema kuwa anakwenda uani, na neno hilo moja humtosheleza yeye na wanaomsikiliza.

Tumeanza na neno kwa sababu tumezoea, tunapofundisha utamaduni, kuanza na ngoma, mavazi na masimulizi, na nyumba tukamwachia fundi na mkandarasi. Mwanafunzi wa sekondari hufundishwa kuhakiki utenzi, akatafuta dhamira yake na jinsi umbo lake linavyoibeba dhamira hiyo. Nyumba haihakikiwi. Huonekana ni nzuri au mbaya, ya tajiri au ya maskini, basi. Katika makala haya tunakusudia kuitazama sehemu moja tu ya nyumba, yaani ua wa nyuma, kwa jicho lile lile la mhakiki. Na hasa tunataka kuipima hii baraza mpya ya nyuma ambayo imeenea pembezoni mwa miji yetu, na kuuliza kwa nini watu wengi wanaoijenga hawaikalii.

Kwanza tuelewane juu ya stara. Siku hizi latumika zaidi neno faragha, nalo ni neno jema. Lakini faragha ni hali ya mtu kuwa peke yake pasipo kuingiliwa, na aweza kuipata kwa kufunga mlango tu. Stara haipatikani hivyo. Twamsitiri maiti kwa kumzika. Twamsitiri mgeni kwa kumpa pa kulala. Twamsitiri mwenye shida kwa kutolitangaza ombi lake. Katika mifano yote hiyo stara ni kitu ambacho mtu hupewa na mwenzake. Hata yule ajisitiriye kwa nguo anahitaji mwenzake asiyemkodolea macho. Ndiyo maana twasema kuwa ua ulikuwa na wajenzi wawili: yule wa ndani aliyesimamisha nguzo na kufunga fito, na yule wa nje aliyepita njiani akakohoa, akapiga hodi, akangoja, na asipojibiwa mara ya tatu akaenda zake.

Sasa tuitazame hiyo baraza mpya. Hujengwa nyuma ya nyumba, imeungana na sebule, na mlango wake aghalabu ni wa vioo. Sakafu yake hulinganishwa na sakafu ya ndani, kwa hiyo mahali penye mteremko huinuka mita moja au zaidi kutoka ardhini. Wengine huimwaga kwa zege na kuitandaza vigae. Wachache wenye uwezo huitandika mbao, kwa kuwa ndivyo picha zilivyoonyesha. Huwekwa viti vya kuegemea na meza ndogo. Mwenye nyumba hupiga picha siku ya kuhamia, na baada ya hapo mara nyingi baraza hugeuka mahali pa kuanikia nguo na kuwekea ndoo. Ukimwuliza sababu, atakwambia kuwa kuna jua, au kuna mbu, au kazi zimekuwa nyingi. Ukikaa naye zaidi atakwambia kweli: kuwa pale anaonekana.

Baraza hii ina kwao. Huko Marekani, baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, familia nyingi zilihamia vitongoji vipya vya nje ya miji, na polepole zikaiacha baraza ya mbele iliyotazama njia, zikahamishia mapumziko yao nyuma. Nyumba zao nyingi hujengwa kwa mbao, sakafu ikiwa juu ya ardhi, kwa hiyo sakafu ya nje nayo ililazimika kuinuliwa ili mtu atoke bila kushuka ngazi. Viwanja vyao vya nyuma mara nyingi hukutana majani kwa majani, na penye ua, pengine ua huo huwa mfupi. Matokeo yake ni kwamba watu wa huko wenyewe, wakishamaliza kujenga, hurudi kutafuta vya kuwasitiri: mbao zilizosukwa mfano wa kimia, mimea ya kutambaa, mapazia ya turubai, vyungu vikubwa vya mianzi. Hatuwacheki. Wanalitibu tatizo waliloliumba, nao wanajua kuwa ni tatizo. Sisi tumeichukua ramani, na tatizo lake tumelipokea bila ya kulitambua.

Wakulima wetu wanayo kazi inayofanana na hiyo baraza. Mpunga ukianza kuzaa, hujengwa shambani jukwaa la miti, na mtoto hupandishwa juu yake kuwinga ndege. Jukwaa hilo huitwa ulingo. Ulingo huinuliwa ili aliye juu aone pande zote, na ndege nao wamwone wamwogope. Hiyo ndiyo sifa yake, nao hautakiwi kuwa na nyingine. Lakini nani angekwenda ulingoni kusuka nywele?

Tusije tukadhani kuwa kosa ni kuinua sakafu. Mkabala wake upo katika nyumba za mawe za Lamu, mji uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Nyingi za nyumba hizo zilizosalia ni za karne ya 18. Mgeni hufikia kwanza daka, yaani kibaraza kilichochimbiwa mlangoni chenye viti vya mawe pande mbili, ambapo mwanamume mwenye nyumba hukaa na wenzake. Akikaribishwa ndani huingia tekani, kijukwaa kidogo cha ndani, na hapo ndipo ufundi ulipo, kwani njia haiendi moja kwa moja. Hupinda. Mlango wa barabarani waweza kuwa wazi kutwa nzima, na mpita njia hataona kiwanda, yaani ule uwanda wa katikati usioezekwa ambao ndio ua wa nyumba ile. Kutoka kiwandani huja misana miwili, kisha ndani, na nyuma ya ndani nyumba kati. Kila ukiingia zaidi, sakafu hupanda kidogo. Basi hao pia waliinua. Lakini waliinua huku wakificha: kila kipimo cha kimo kimelipiwa na kipimo cha kiza, na aliye juu kabisa ndiye asiyeonekana kabisa. Baraza yetu mpya imechukua kimo ikaacha malipo yake.

Yafaa hapa tukumbuke jinsi Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alivyolieleza anguko la Pate katika Al-Inkishafi. Hakutupeleka bandarini kuhesabu majahazi yaliyopungua. Alituingiza nyumbani, chumba kwa chumba, hadi katika nyumba kati na kwenye zile zidaka zilizokuwa zikipangwa sahani, tukakuta wadudu na ndege ndio wenyeji. Wahakiki wengi wamesoma hapo habari ya dunia kupita, nao wamesoma sawasawa. Sisi twaongeza jambo moja. Msomaji anapopitishwa mahali pale hapigi hodi, kwa sababu hakuna wa kuijibu. Mahali ambapo zamani hata jirani wa damu asingefika sasa panakanyagwa na kila mwenye macho. Nadhani, la, twadhani kwamba kwa msikilizaji wa Kiamu na Kipate wa zama zile hilo lilichoma kuliko kuanguka kwa paa.

Hata hivyo mhakiki asiyesema ila sifa hafai. Stara ya nyumba za mawe ilikuwa ya waungwana, na ilibebwa na mabega ya wasiokuwa nayo. Mke wa mwungwana aliweza kukaa ndani miezi mingi kwa sababu alikuwako mwanamke mwingine, mtumwa, aliyekwenda kisimani na sokoni mbele ya macho ya watu, naye hakuruhusiwa hata kujifunika kama bibi yake. Kivuli cha kiwanda kile kilinunuliwa kwa jua lililomwangukia mwingine. Utumwa ulikatazwa Unguja mwaka 1897, katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Lakini si haba wanaoandika hata leo juu ya uzuri wa nyumba za Lamu pasipo kumtaja aliyezitia maji. Tena ziko nyumba ambamo stara iligeuka kifungo, mwanamke akanyimwa shule na zahanati kwa jina lake. Anayetaka kuitetea stara na aitetee hali ameyatazama hayo.

Ndiyo sababu sisi mapenzi yetu hayako katika jiwe. Yako katika kuti.

Ua wa makuti ni kazi ambayo aliyekuwa hana kitu aliweza kuifanya. Nguzo ni za mkoko au mti wowote usioliwa upesi na mchwa, huchimbiwa chini na kupitishiwa fito za kulala. Kuti bichi la mnazi halipasuliwi. Majani ya upande mmoja husukwa yakapitana na ya upande wa pili, likawa kumba, na makumba hufungwa kwenye fito kwa kamba ya kumbi, moja likilalia jingine. Kazi ni ya siku mbili tatu kwa watu wawili watatu. Baada ya misimu michache ya mvua makuti huoza, na ua hufumwa upya. Waliozoea saruji huuona udhaifu hapo. Sisi twaona kwamba ua uliohitaji kufanywa upya mara kwa mara uliwafanya watu wa nyumba na majirani wakutane mara kwa mara juu ya jambo hilo, wakaulizana mpaka wa nani uko wapi, wakagawana makuti.

Upepo hupita katika makumba. Wakati wa kaskazi, joto linapokuwa kali na watu wanatafuta pa kupumulia, ua wa makuti huuchuja upepo na kuupitisha, ambapo ukuta wa tofali huuzuia kabisa na usiku huutoa nje moto ulioumeza mchana. Na jicho? Kuti halizibi kabisa. Mtu akiusogelea ua na kuweka jicho lake kwenye upenyo ataona ndani. Kila mtu alijua hilo, na kwa hiyo hakuna aliyekuwa na udhuru wa kuonekana amesimama karibu na ua wa mwenziwe. Udhaifu wa kuti ulimtaka mpita njia awe na adabu. Mtoto alifunzwa mapema kupita nyua za watu akitazama mbele, na aliyekutwa akichungulia alirudishwa kwao kwa sikio, na kwao hawakuuliza kwa nini.

Nyuma ya kuti hilo ndiko yalikofanyika mambo ambayo leo twayaita urithi. Huko ukili ulisukwa ukawa mkeka, nazi zikakunwa, liwa likasagwa, nywele zikachambuliwa na kusukwa huku mambo ya mtaa yakichambuliwa pamoja nazo. Mwali alichezwa uani, ngoma ya unyago ikisikika mtaa mzima na isionekane na asiyehusika. Sauti ilikuwa ya wote, macho yalikuwa ya wachache. Watunzi wa mashairi tunaifahamu njia hiyo. Fumbo nalo husikika na kila mtu barazani, na maana yake ikabaki uani kwa wenyewe.

Bara nako kuna elimu yake. Katika sehemu nyingi wigo ulipandwa: minyaa, ambayo utomvu wake mweupe huumiza macho na kwa hiyo ng'ombe na wezi huiepuka; michongoma yenye miiba; na penye unyevu, matete. Wachagga hupanda masale mipakani mwa vihamba vyao, na jani la sale hilo hilo ndilo apelekalo mtu anapokwenda kuomba msamaha kwa aliyemkosea. Sijui kama yuko mjenzi wa kuta aliyepata kuwaza kwamba kinachotutenga na jirani chaweza pia kuwa kinachoturudisha kwake. Jani hilo lafaa kukaliwa somo zima darasani, walimu wakipenda.

Mji ulipokua, ua haukufa mara moja. Ile nyumba ya Kiswahili ya Dar es Salaam, yenye ukumbi katikati na vyumba vitatu kila upande, ilimaliziwa na ua nyuma: jiko, choo, stoo, pengine kisima au bomba. Wapangaji wa makabila mbalimbali waliokodi chumba kimoja kimoja walikutana uani, na wengi wetu tuliozaliwa miaka ya 1960 na 1970 katika mitaa hiyo Kiswahili chetu tulikinyonya hapo hapo. Tusipapambe mno. Ulikuwapo ugomvi wa kuni na wa zamu ya kufagia choo, na mpangaji hakuwa na stara yoyote mbele ya mpangaji mwenzake. Harufu ya mchuzi ilitangaza mshahara wa kila mmoja. Lakini mbele ya njia, nyumba nzima ilikuwa na uso mmoja. Ya uani hayakufika barazani.

Uzunguni mambo yalikuwa kinyume. Wakoloni, Wajerumani kisha Waingereza, walijenga nyumba zenye veranda pana zikitazama bustani na bahari, na bwana alipumzika mbele, mahali pa kuona na kuonekana. Nyuma ya nyumba palikuwa pa jiko na vyumba vya watumishi. Kwa hiyo ua wa nyuma, ambao kwetu ni mahali pa heshima kuliko pote, kwao ulikuwa mahali pa chini kuliko pote. Watumishi wa serikali waliozirithi nyumba hizo baada ya Uhuru wa 1961 walikuta ramani yenye fikra hiyo ndani yake. Wakakaa mbele. Wengine wetu tumekaa humo miaka mingi, na wake zetu walijua pa kuanika unga kabla sisi hatujajua kuwa nyumba ina kasoro.

Vilevile yalikuja maghorofa. Yale ya Michenzani, Unguja, yalianza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki, na yale mapya ya Magomeni Kota, Dar es Salaam, yalifunguliwa mwaka 2022. Yote yaliwapa watu maji, choo cha ndani na paa lisilovuja, na asiyewahi kubeba maji asiyadharau hayo. Ila ua haukupanda ghorofani. Anayeishi juu amebaki na kiroshani cha hatua tatu, na humo huwekwa jiko la mkaa, ndoo na nguo. Basi hutundikwa kanga kuukuu ili jirani wa mkabala asione. Kanga hiyo, tukiitazama vizuri, ni ua. Mwenye nyumba amefuma kumba lake kwa kitu alichokuwa nacho.

Na mwisho ukaja ukuta: tofali za saruji, mita mbili na zaidi, juu yake vigae vya chupa au waya. Tunaelewa kilichouleta. Wizi upo, na mwenye mali ana haki ya kulala. Lakini ukuta umefanya jambo ambalo wajenzi wake hawakulikusudia. Umemwondolea mpita njia wajibu wake. Mbele ya kuti alitakiwa kutazama mbele. Mbele ya ukuta atazame apendako, haoni kitu. Kizazi kilichokulia kati ya kuta hakikufunzwa namna ya kutotazama, kwa sababu hakikupata haja ya kufunzwa. Siku jengo refu linapoinuka nyuma ya ukuta, kizazi hicho hicho husimama juu ya roshani kikatazama chini, wala hakioni kuwa kimekosa.

Jambo hili lilitufika wenyewe, na tutalisimulia kwa kuwa ndilo lililotusukuma kuandika. Dada yetu mkubwa alifiwa na mumewe miaka michache iliyopita. Nyumba waliyoijenga kwa kiinua mgongo ilikuwa na ukuta wa mita mbili na hiyo baraza ya nyuma, iliyoinuka kiasi cha mita moja, yenye vigae vyekundu ambavyo marehemu alivichagua mwenyewe. Kwenye kiwanja cha nyuma lilikuwa limekwisha kusimama jengo la ghorofa mbili juu, lenye wapangaji, na roshani zake zote zikitazama huku. Dada akaingia eda ya miezi minne na siku kumi. Mwanamke aliye edani hatoki ovyo, na ua ndio ulimwengu wake. Ndipo anapopata jua la asubuhi na upepo wa jioni. Wiki tatu za mwanzo dada hakutoka chumbani. Tulipokwenda kumtazama tulimkuta amepauka. Alisema, "Nikitoka nje nakuwa tangazo."

Mwanawe, kijana mwenye mapenzi na mama yake, alitaka kuuongeza ukuta. Akamleta fundi. Fundi alipima, akachora mchangani kwa kijiti mstari kutoka roshani ya juu hadi kwenye kiti cha mama, akasema kuwa ili kumficha mtu asimamapo juu ya baraza ile, ukuta utapaswa kufika karibu mita nne, na msingi uliopo hauwezi kuubeba. Juu ya hayo, ua ungekuwa kisima. Kijana akakaa kimya. Aliyelitatua jambo alikuwa shangazi yetu, mzee ambaye kalamu hajaishika. Aliutazama ule mstari wa mchangani, kisha akamwambia dada: "Mwanangu, shuka."

Alimshusha kwenye baraza akamtandikia mkeka chini, hatua moja tu kutoka kwenye ukuta ule wa nyuma wenyewe. Fundi alipouchora mstari upya ulipita juu ya kichwa cha dada bila ya kumgusa. Ukuta wa mita mbili uliokuwa haufai kitu kwa aliyekaa juu na mbali, ulimfaa kabisa aliyekaa chini na karibu. Kijana aliongeza nguzo nne za mianzi na fito juu yake, wakatandaza makuti machache, na wakapanda mwasumini pembeni upate kutambaa. Gharama yake haikufikia ya tripu moja ya mchanga.

Lakini lililobaki halikuwa la mianzi. Shangazi alitutaka wanaume twende kwa mwenye jengo. Tuliona haya, kwa sababu katika miaka sita hakuna hata mmoja wa familia aliyepata kumpigia hodi. Tulimkuta mtu mzima mwenye heshima zake. Hakujua kuwa pana msiba; gari la maiti lilipita upande wa pili wa ukuta. Alisimama, akatupa pole kwa mikono miwili, na jioni ile akapita mlango kwa mlango kwa wapangaji wake. Baada ya hapo nguo zilianikwa upande mwingine, na mapazia ya roshani yakateremshwa alasiri. Hatusemi kuwa wote walitii. Alikuwapo kijana mmoja wa juu kabisa aliyeendelea kusimama pale na simu yake mkononi, na kama alikuwa akitazama chini au hakuwa akitazama, hatukujua, wala dada hakujua. Na kutojua huko kulimwudhi kuliko kuonekana kwenyewe.

Kutokana na hayo tunayo machache ya kuwaambia wajenzi, na hasa walimu ambao wanafunzi wao watakuwa wajenzi. Anayetaka baraza ya nyuma asianze na urefu wa ukuta. Aanze na jicho: latoka wapi, na linamfikia nani, akiwa amekaa au amesimama. Jicho la mtu aliyeketi kitini huwa kiasi cha mita moja na robo juu ya sakafu. Basi baraza iliyoinuliwa mita moja imemla ukuta wake nusu kabla hajaketi. Kama kiwanja kinaruhusu, baraza na ishuke, hata ngazi mbili au tatu chini ya sakafu ya sebule. Kama haiwezi kushuka, kizuizi kiwekwe kwenye ukingo wa baraza yenyewe, karibu na anayekaa, kwani kitu kifupi kilicho karibu huficha kuliko kirefu kilicho mbali. Kiwe chenye kupumua: mianzi, mbao zilizosukwa kimia, matofali yenye matundu. Na kwa jicho litokalo juu, dawa ni kitu cha juu, yaani kichanja cha mmea au tawi la mti. Mkomamanga au mstafeli uliopandwa mapema hufanya kazi ambayo saruji haiwezi. Wigo wa mhina hutoa stara na hina pamoja.

Zoezi hili laweza kufanywa na darasa lolote kwa kamba, kijiti na hesabu ya pembetatu ambayo wamekwisha kufundishwa. Wapeni wanafunzi nyumba moja ya mtaa wao, kwa ruhusa ya wenyewe, wapime nani anaonwa na nani. Kisha wawaulize wazee wa nyumba ile ua wa zamani ulikuwa wapi, ulifungwa kwa nini, na jirani aliingia kwa mlango gani. Majibu ya swali hilo la mwisho ndiyo tungependa kuyasoma.

Eda ya dada ilikwisha. Siku alipotoka, mke wa yule mwenye jengo alikuja na sinia la wali na kuku, akapitia mlango wa uani, akapiga hodi mara mbili akangoja. Baraza ya vigae vyekundu bado ipo, na wageni wakija hukaribishwa huko, kwa kuwa marehemu aliipenda. Dada mwenyewe hukaa chini, kwenye mkeka, na mwasumini umekwisha kufika juu ya fito.